Sura na Mwenyewe

Katika viungo vya binadamu hakuna kibebacho heshima nyingi kama uso. Mtu hutambuliwa kwa uso, hupokelewa kwa uso, na husutwa kwa uso. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na kwa neno hilo walikiri kwamba kuna ubaya ambao ni mgumu kutendwa na mtu aliyekabiliana na mwenzake ana kwa ana. Ubaya huo hutendwa kwa wepesi zaidi juu ya mtu wa uvumi, mtu wa jina la kebehi, mtu ambaye sura yake haijapata kutazamwa kwa utulivu. Kwa sababu hiyo sanaa ya kuchora na kupiga picha za sura si pambo la ukuta tu. Yaweza kuwa utetezi wa wanyonge, na yaweza vile vile kuwa silaha mkononi mwa adui zao. Kinachotenga utetezi na silaha ni swali moja: sura hii ni ya nani, na nani ameamuru ionekane?

Miongoni mwa watu walioumizwa sana kwa namna ya kutazamwa yamo makundi mawili. La kwanza ni la huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyoingia sawasawa katika vipimo vya kawaida vya mwili wa kiume wala wa kike. Tofauti hiyo yaweza kuwa katika viungo vya nje, katika tezi za uzazi, katika homoni au katika kromosomu. Yaweza kuonekana siku ya kuzaliwa, yaweza kujificha mpaka wakati wa balehe, na wako wanaofikia uzee bila ya kuijua. Kundi la pili ni la watu ambao nafsi zao hazikubaliani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Hao kwa kawaida huitwa waliobadili jinsia, ingawa wengi wao husema kwamba nafsi ilikuwa ile ile tangu utotoni, na kilichobadilika ni jina, au mavazi, au mwili. Jambo la kundi la kwanza ni la maumbile. Jambo la kundi la pili ni la nafsi. Si sawa kuyachanganya. Hata hivyo makundi haya yamekutana katika msiba mmoja: yote mawili yametazamwa sana na kusikilizwa kidogo.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa pande mbili katika jambo hili. Sarufi yake haimuulizi mtu jinsia. Husemwa "yeye", husemwa "amekuja", na msikilizaji hajui kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, wala sentensi haipungukiwi na kitu. Lakini mtu huyo afikapo mlangoni, adabu humdai jawabu papo hapo. Ataitwa baba au mama, kaka au dada, bwana au bibi? Mlango uliofunguliwa na sarufi hufungwa na maamkizi. Na neno huntha si geni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Lilikuja pamoja na elimu ya fikihi, na wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wamelisoma kwa vizazi vingi katika milango ya sala na ya mirathi. Wanazuoni waliuliza huntha ambaye hali yake haijabainika asimame safu gani msikitini, nao wakampa nafasi nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Waliuliza apewe fungu gani la urithi, nao wakasema apewe lile lililo yakini, na ziada izuiwe mpaka hali yake ibainike. Mtu aweza kuzikubali hukumu hizo au kuzihoji. Lisilowezekana kukanushwa ni kwamba watu hao walijulikana kuwapo, na kwamba walihesabiwa kuwa watu wa kusali na kurithi. Anayesema kuwa huntha ni habari iliyoletwa juzi na wageni hajafungua vitabu vya nyumbani.

Sayansi ya Ulaya iliwajua pia, lakini iliwajua kwa jicho jingine. Mwaka 1860, katika mji wa Paris, Nadar, mpiga picha mashuhuri wa zama zake, alipiga picha kadhaa za mtu mmoja huntha kwa ajili ya madaktari. Mwanga ni mzuri, na kazi ni ya fundi stadi. Viungo vya siri vimewekwa wazi mbele ya kamera, na mkono wa daktari umeingia katika picha ili kuvionyesha zaidi. Mwenye mwili amejifunika uso kwa mkono wake. Hakuna jambo linalosema habari za picha zile kuliko mkono ule. Nadar alisifiwa kwa kuzitoa nafsi za washairi na wanamuziki katika nyuso zao, lakini hapa alitoa mwili usio na nafsi, na mtu yule, kwa kujificha, alikiokoa kitu kimoja tu alichoweza kukiokoa. Baada ya hapo vitabu vya utabibu viliendelea na desturi hiyo muda mrefu. Mgonjwa, mara nyingi mtoto, alisimamishwa uchi mbele ya ukuta, akapigwa picha, kisha macho yake yakafunikwa kwa ukanda mweusi. Ilisemwa kwamba ukanda ule ulilinda siri yake. Huenda ulikusudiwa hivyo. Lakini ulifanya na jambo la pili: ulimwondolea mtazamaji hofu ya kutazamwa naye.

Katika Afrika ya Kusini picha ya sura ilikuwa na historia nyingine ya uchungu. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu iligawa wakazi wote kwa rangi, na sheria za pasi zikamlazimu Mwafrika kubeba kitabu chenye picha yake na kukitoa kila polisi alipokidai. Mamilioni ya watu walipigwa picha, si kwa sababu walipendeza, bali kwa sababu walishukiwa. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na ile ya kuandikisha watu kwa rangi ikafutwa mwaka 1991. Lakini kitambulisho hubakia kitambulisho. Katika namba ya kitambulisho cha nchi hiyo zimo tarakimu zinazotaja jinsia ya mwenye nayo: fungu linaloanza chini ya 5000 ni la wanawake, na la 5000 na kuendelea ni la wanaume. Mtu aliyebadili jinsia akifika benki, sura humwambia karani neno moja na namba humwambia neno jingine, na karani huiamini namba. Sheria ya mwaka 2003, namba 49, iliruhusu maandishi hayo kusahihishwa, kwa masharti ya ripoti za wataalamu; na mwaka 2005 bunge liliongeza huntha katika maana ya neno jinsia ndani ya sheria ya kuzuia ubaguzi. Kwa maandishi, nchi ile iliwatangulia majirani zake wengi. Mitaani, maandishi yalikwenda polepole kuliko kisu.

Kwamba macho ya ulimwengu yalikuwa bado ni yale ya mwaka 1860 ilionekana wazi mwaka 2009. Mwezi Agosti, msichana wa miaka 18 kutoka Limpopo, Caster Semenya, alishinda mbio za mita 800 katika mashindano ya dunia mjini Berlin. Furaha haijatulia, magazeti yakaanza kuuchunguza mwili wake, kifua chake, sauti yake na taya lake, na habari za uchunguzi wa kitabibu, ambazo zilikuwa siri yake, zikatangazwa kwa watu wasiomjua. Mwezi uliofuata gazeti moja la nchini kwake lilimweka katika jalada akiwa amepambwa nywele, vito na gauni, kana kwamba ilimpasa kuthibitisha jambo. Mwenyewe amesema miaka yote kwamba yeye ni mwanamke, na hakuomba jina jingine. Katika kelele zile zote sauti yake ndiyo iliyosikika kwa uchache.

Katika nchi hiyo hiyo, na katika miaka hiyo hiyo, kazi ya aina nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Zanele Muholi alizaliwa mwaka 1972 huko Umlazi, karibu na Durban, na kujifunza upigaji picha katika Market Photo Workshop mjini Johannesburg, shule iliyoanzishwa na David Goldblatt mwaka 1989 ili watu walionyimwa elimu hiyo na ubaguzi waipate. Kiswahili chaweza kusimulia maisha ya Muholi tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kutaja jinsia, na Muholi hujitambulisha kwa namna isiyofungwa katika uke wala ume, hivyo lugha hii inamfaa kuliko Kiingereza. Hajiiti msanii tu; hujiita mwanaharakati wa picha. Na wale anaowapiga picha hawaiti vielelezo wala mifano. Huwaita washiriki.

Mwaka 2006 Muholi alianza mfululizo uitwao Faces and Phases, maana yake nyuso na vipindi. Ni picha za watu weusi: wanawake wapendanao na wanawake, wanaume waliobadili jinsia, na wengineo wasiokaa katika mafungu ya kawaida. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe. Mshiriki husimama akiwa amevaa nguo alizozichagua mwenyewe, na huielekea kamera moja kwa moja. Chini ya picha huandikwa jina lake, mahali na mwaka. Mwenye kuitazama huona kwamba kila kitu kilichonyang'anywa katika picha za hospitali kimerudishwa hapa: nguo zimerudi mwilini, macho yamefunguliwa, na jina limekaa mahali pake. Hakuna kiungo kinachofunuliwa ili mtazamaji apime. Anayetaka kujua zaidi itambidi amuulize mwenye uso, na mwenye uso ana hiari ya kumjibu au kunyamaza.

Neno vipindi nalo lina maana yake. Baadhi ya washiriki walipigwa picha tena baada ya miaka, na mtazamaji huona ndevu zilizoota, mashavu yaliyojaa, uchovu ulioongezeka au hofu iliyopungua. Picha ya pasi humfungia mtu katika siku moja. Picha hizi humkiri kuwa kiumbe anayeishi na kubadilika. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na walisema hivyo ili kumzuia mtu asiucheke mwili wa mwenzake, maana haujui wake utakavyokuwa kesho. Mfululizo huo umepita picha 500, na unapotundikwa ukutani hupangwa kwa safu, na katika safu huachwa nafasi tupu. Nafasi nyingine ni za waliokwisha kufa, nyingine ni za wale ambao bado hawajapigwa picha. Mmoja wa washiriki wa kwanza, mshairi Busi Sigasa, alipigwa picha mwaka 2006 akafariki mwaka 2007. Tangu hapo kazi ile ilikuwa daftari la walio hai na pia la waliotangulia.

Mwaka 2014 ukaanza mfululizo wa pili, Brave Beauties, maana yake warembo mashujaa, wenye picha za wanawake waliobadili jinsia na watu wengine wasiofuata mipaka ya jinsia. Wengi wao walishiriki mashindano ya urembo, na mfululizo uliazima mtindo wa majalada ya magazeti ya mitindo. Baadhi ya picha zilipigwa katika fukwe za Durban. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa ajili ya bahari peke yake. Wakati wa ubaguzi fukwe zile ziligawanywa kwa rangi, na mtu mweusi aliyekanyaga mchanga wa wazungu alifukuzwa. Mwanamke mweusi aliyebadili jinsia akisimama pale na vazi lake la kuogelea, hudai ardhi mbili kwa pamoja: ile iliyokatazwa kwa rangi yake, na ile iliyokatazwa kwa jinsia yake.

Kuanzia mwaka 2012 Muholi aliielekeza kamera kwake mwenyewe katika mfululizo wa Somnyama Ngonyama, maneno ya Kizulu yenye maana ya kumsalimu simba jike mweusi. Jambo hilo lina uadilifu ndani yake. Amwombaye mwingine autoe uso wake hadharani, katika nchi ambamo uso huo waweza kumletea kisu, apaswa kuutoa na wake.

Mchoraji Gabrielle Le Roux, naye wa Afrika ya Kusini, alifika mahali pale pale kwa njia ya kalamu. Kuanzia mwaka 2008 alichora sura za wanaharakati wa Kiafrika waliobadili jinsia pamoja na huntha, katika kazi aliyoiita Proudly African and Transgender. Humchora mtu akiwa ameketi mbele yake, na sura ikikamilika humkabidhi kalamu mwenye sura ili aandike juu ya mchoro maneno yake mwenyewe. Kuchora hutaka saa nzima au zaidi, na katika saa hiyo mchoraji na mchorwaji hutazamana, hunyamaza na huzungumza. Kamera yaweza kuiba. Kalamu ya aina hii haiwezi, kwa sababu kazi haimaliziki mpaka mwenye sura atie mkono wake. Katika picha za Nadar, mkono wa mwenye mwili ulikuja kufunika uso. Katika michoro hii mkono unakuja kuueleza.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba kuonyesha uso si wema kwa wenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 2010 gazeti moja dogo la Kampala, liitwalo Rolling Stone, lisilo na uhusiano na lile la Marekani, lilichapa picha na majina ya watu liliodai kuwa ni mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga. Miongoni mwao alikuwa David Kato. Yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, na mwanzoni mwa Januari 2011 mahakama ikalizuia gazeti lile kuendelea. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Kato aliuawa nyumbani kwake. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo baadaye mwaka ule, na sababu ya mauaji ikabaki jambo la mabishano. Lakini gazeti lile halikuhitaji kubuni sura. Lilitumia sura za kweli, za watu wenye majina ya kweli, kama zilivyotumiwa katika mfululizo wa Muholi. Macho yalikuwa macho, na midomo ilikuwa midomo. Kilichokosekana ni ruhusa ya mwenyewe, na kwa kukosekana kitu hicho kimoja picha ikageuka hati ya kumkamatia mtu.

Kwa hiyo hoja ya kwamba watu hawa waonyeshwe tu, kisha watapendwa, ni hoja pungufu. Asiyekujua hakuthamini, ndivyo isemwavyo, na ni kweli. Lakini kujuliwa na mtu mwovu si neema. Wako waliobadili jinsia na huntha ambao usalama wao umo katika kutojulikana, na utetezi wa haki huwaachia sitara yao. Sanaa yenye adabu haimtoi mtu mafichoni kwa jina la ukombozi. Humngoja. Ndiyo sababu nafasi tupu katika safu za Muholi ni sehemu ya kazi wala si upungufu wake.

Wala msanii hakuepukana na gharama. Mwezi Agosti mwaka 2009 waziri wa sanaa na utamaduni alialikwa kufungua maonyesho ya wasanii wanawake weusi huko Constitution Hill, Johannesburg, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa makao ya Mahakama ya Katiba. Alipoziona picha za Muholi aliondoka, na baadaye akasema kwamba zinapingana na maadili na ujenzi wa taifa. Mwezi Aprili mwaka 2012 wezi waliingia katika nyumba ya Muholi huko Cape Town wakachukua vifaa zaidi ya 20 vya kuhifadhia picha, na kuacha vitu vingine vya thamani. Kazi ya miaka kadhaa ilipotea kwa mara moja. Watu hawaibi kumbukumbu isiyo na nguvu. Mwaka uliofuata picha za Faces and Phases zilitundikwa katika banda la Afrika ya Kusini kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na taifa lililoambiwa kwamba picha hizo zinalibomoa likajulikana ugenini kwa picha hizo.

Swali la mwisho ni la mtu mwenye shaka: sura ukutani imemfaa nani? Haimponyi aliyepigwa, haimrudishii kazi aliyefukuzwa, wala haisahihishi cheti. Hayo ni ya sheria, na sheria ina njia yake. Nchini Kenya, mwezi Oktoba mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani la taifa limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mwezi Desemba mwaka huo huo mahakama ilitoa hukumu katika shauri la mtoto aliyezaliwa huntha, ambaye hospitalini mahali pa kuandika jinsia yake palitiwa alama ya kuuliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikaandika watu 1,524, na mwaka 2022 sheria ya watoto ikamtaja mtoto huntha kwa jina. Hakuna mchoro uliotoa hukumu hizo.

Lakini hakimu, karani na mbunge hutoka katika watu, na hufikiri kwa picha walizo nazo moyoni. Aliyelelewa kwa ukanda mweusi na picha ya kebehi atasoma neno huntha katika mswada na kuona ajabu. Aliyepata kusimama mbele ya uso wenye jina, mahali na mwaka, akatazamwa naye mpaka akaona haya, atasoma neno lile lile na kumwona mtu. Tofauti hiyo ni ndogo, na sheria nyingi zimekufa au kuishi kwa tofauti ndogo kama hiyo. Alama ya kuuliza iliyotiwa katika karatasi ya mtoto yule wa Nairobi haikuandikwa na mtu mkatili. Iliandikwa na mtumishi aliyekuwa na fomu yenye nafasi mbili na mtoto mmoja mbele yake, akaitazama fomu.